Boti la Watu Ishirini na Sita

Jumatatu, 4 Agosti

Boti limefika. Trekta ya Domingos, muuza vyuma chakavu, imelivuta hadi pwani, hatua mia kutoka nyumbani kwa mama mkwe, tunakokaa. Rangi ya chungwa kali, limefunikwa juu kama kobe, mlango mmoja nyuma. Meli ikichakaa, maboti yake ya kuokolea watu humfikia Domingos. Cherehani yangu nayo imemfikia. Tumebadilishana. Mume wangu Cassimo hakugomba, aliuliza tu kama nimempa na meza yake. Nimempa na meza yake.

Sababu naiandika hapa maana nyumbani hakuna pa kuisemea. Tunakaa watu kumi na mmoja, vyumba vitatu, na mlango wa chumba chetu ni kapulana, kitenge kilichotundikwa tu. Yusra ana miezi tisa. Tangu azaliwe sijalala saa mbili mfululizo. Akinyamaza yeye, mtu anapita kutafuta ndoo. Basi viti vya boti tutaving'oa, tuweke kitanda, jiko la mkaa karibu na mlango, motori Cassimo atatengeneza. Leo Palma, wiki ijayo Mtwara kununua vitenge, na nyumba tunayo hukohuko. Mlango una komeo la ndani. La chuma. Nimelifunga na kulifungua mara saba.

Ni siri. Nimemwambia jirani yangu Benilde tu, maana lazima awepo wa kunishikia mtoto.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi nimekuta watu kumi na wanne ndani ya boti. Wamekaa vitini kimya, kama wanaosubiri daktari. Nimetoka nje kulitazama upya. Kumbe ubavuni kumeandikwa kwa herufi nyeupe kubwa: watu 26. Benilde kasoma, akaenda kutangaza kisimani. Nikamuuliza kama hii ndiyo siri. Akasema Mama Yusra, kanga naweza kukufichia, kitu cha rangi ile na ukubwa ule nikifiche wapi? Yeye amechukua kiti namba kumi na mbili, penye hewa.

Nimewaeleza kwa upole kwamba hii itakuwa nyumba yangu. Wamenipa hongera, wakauliza tunaondoka lini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefuta maandishi kwa rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka madirisha. Cassimo alinishikia kopo, akasema labda tungewaambia ukweli tu. Ukweli niliwaambia jana, wakanipa hongera.

Mchana kaja Benilde. Kalitazama doa langu la kijani, akasema vizuri, boti lilihitaji urembo. Halafu akanionyesha kwamba ndani kila kiti kina namba yake, moja mpaka ishirini na sita, na yeye ana daftari. Majina yamefika ishirini na mawili. Kuna mtu wa Mute ametuma jina kwa simu. Mute, kwenye mihogo, bahari waisikie tu.

Nimetafuta jina langu. Halimo. Benilde alidhani mimi nitabaki nyumbani, kwa sababu ya mtoto.

Alhamisi, 7 Agosti

Bila viti hakuna namba. Nimeingia na spana saa ya chakula, watu wote wako majumbani. Nimeng'oa vinne. Kufika kiti namba saba nimeshtuka nusura spana inianguke mguuni. Mama mkwe amekaa, mkanda umefungwa kifuani.

Akasema hiki usikiguse, mwanangu. Nikasema kwa heshima zote, mama, hapo ndipo kitakapokaa kitanda. Ndipo akanieleza. Mwaka ule wa kukimbia, wapiganaji walipovamia mji, alisimama baharini, maji yamemfika kifuani, akingoja kupanda boti. Aliyekuwa mbele yake akapanda. Wakasema limejaa. Akatembea mpaka Nhica do Rovuma, kule mpakani, na mguu mmoja hauna kiatu. Tangu hapo, akiona chombo, jambo la kwanza anahesabu nafasi.

Mwaka ule mimi nilikuwa Mtwara kwa shangazi, habari nilizisikia redioni. Miaka mitatu nakula sinia moja na mama huyu, hajawahi kunigusia. Nimekaa kiti namba nane. Kisha nimevirudisha viti vyote vinne. Nati moja imepotea.

Moyo umelainika. Mpango haujalainika.

Ijumaa, 8 Agosti

Njia nyingine. Nimemnong'oneza Benilde kwamba ndani ya boti kuna kitu kinagonga alasiri, na ukitazama humwoni mtu. Nikamwomba asimwambie yeyote, nikijua namtuma. Kabla ya magharibi boti lilikuwa tupu. Nimefunga komeo, nimemnyonyesha Yusra mpaka akashiba, hakuna aliyeniita. Joto kama tanuri la mkate. Nimelia kidogo kwa raha.

Jumamosi, 9 Agosti

Siamini ninachoandika. Mama mkwe ameleta maalimu na wanafunzi wake. Wamesoma tangu asubuhi, ubani umejaa mpaka mlango hauonekani. Benilde, kwa kuwa kwao ni uwandani Mueda na wao ni Wakatoliki, ameona haifai kuuachia upande mmoja kazi hiyo. Kaleta katekista, naye akanyunyiza maji yake. Halafu wali. Umepikwa kwenye jiko langu, lile jipya la boti, ambalo mimi mwenyewe sijachemshia hata chai.

Sasa wanasema Palma nzima hakuna pahala salama kama pale. Viti vimejaa. Kuna watatu wa akiba, katekista mmojawapo.

Jumatatu, 11 Agosti

Bamvua. Maji yanajaa mpaka kwenye boti alfajiri, na hayo ndiyo tuliyangoja. Sisi watatu tu, tutoke watu hawajaamka, tutie nanga mbali, tuanze maisha. Cassimo kapanda kiti cha nahodha. Motori ikakohoa, ikakubali. Boti likanyanyuka. Nimefunga komeo gizani, nikashusha pumzi.

Mtu akanisabahi.

Mama mkwe, kiti namba saba, birika mapajani. Walilala humo. Nyuma yake Benilde, nyuma yake wote. Nilikuwa nimejifungia komeo pamoja na watu ishirini na sita.

Chombo hiki kimeundwa kisizame, hakikuundwa kitulie. Kilizunguka kama yai kwenye sufuria. Watu kumi na tisa walitapika, mtu wa Mute mara mbili. Cassimo akageuza, lakini maji yalishaanza kutoka, tukakwama kwenye mchanga tumelala ubavu, mlango umezibwa. Kwa muda wa saa sita, watu ishirini na tisa, wa upande wa juu wananing'inia mikandani. Mama mkwe aligawa chai bila kumwaga tone. Na Yusra alilala! Saa nne nzima, kifuani kwa bibi yake, katikati ya kelele zote hizo. Mimi nilikuwa macho, namtazama kama mtoto wa mtu mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Boti limevutwa likarudi pwani. Mama mkwe amehamia humo na godoro lake, na mawifi na watoto wao wamemfuata. Jana alinishika mkono akasema nyumba nakuachia, mwanangu, wewe unahitaji usingizi, mimi nahitaji namba yangu. Amenipa na chumba chake. Kina mlango wa mbao na komeo.

Nyumba nzima tumebaki watatu. Nimefunga komeo, nikalala, nimeamka jua la saa tano liko usoni. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha hivi.

Baada ya adhuhuri kapita Domingos. Amepata boti jingine, kubwa zaidi, watu arobaini. Nikaliona kosa langu papo hapo: lile lilikuwa dogo. Na kila mtu wa mtaa huu sasa ana kiti chake, nani atakuja kunisumbua? Domingos nyumba yake imebomoka, anatafuta pa kukaa yeye, mke, na watoto wanane. Cherehani nyingine sina. Nimempa chumba chenye komeo na kile cha pili, mpaka mwakani. Sisi tunarudi kwenye kapulana yetu, kwa siku chache tu. Wanahamia Ijumaa.

Safari hii ni siri kweli. Nimemwambia Benilde tu, maana lazima awepo wa kunishikia mtoto.