Joho la Buluu la Bawabu wa Mwezi

Jumatano, 7 Machi 2012

Theluji tena. Mji wetu wa Parma, hapa kando ya Cleveland, mzima umekuwa friji. Wiki ya pili ya Kwaresima na ahadi yangu bado imesimama: sinunui jarida la katuni hata moja mpaka Pasaka. Niliahidi mbele ya mke wangu Loretta, tena mbele ya Padri. Padri akacheka. Sikupenda.

Lakini kubadilishana si kununua. Jambo hili nimelitafakari kwa kina, bafuni.

Leo nikawa natafuta pa kuficha maboksi mawili ya majarida (nilibadilishana! sikununua!), nikajipenyeza chumba cha cherehani cha Loretta. Humo nimepigwa marufuku tangu nilipoweka maboksi yangu juu ya gauni la harusi la mpwa wake. Nikasukuma mlango taratibu. Na pale kwenye ukingo wa dirisha, ndani ya fremu, nikamwona.

Bawabu wa Mwezi, jarida namba kumi na nne. Joho la BULUU!

Kila anayekusanya majarida haya anajua kuwa Bawabu huvaa joho la zambarau. Na kila mmoja amesikia ile hadithi: siku moja kiwandani wino mwekundu ulikwisha, na kabla mpiga chapa hajashtuka, nakala chache zikatoka na joho la buluu na nyuso zimepauka kama za wagonjwa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha. Duane Szabo, mkusanyaji mwenzangu, anadai aliiona moja huko Toledo, lakini Duane huyohuyo anadai nusura achezee timu ya mpira ya Cleveland. Mimi ninazo sita, zote za zambarau. Kumbe miaka yote nalala nyumba moja na ya buluu!

Wakati wa chakula nikamuuliza Loretta, kama mtu asiyejali, aliipata wapi. Akaweka uma chini. Akauliza kama kweli sijui. Nikasema sijui. Akasema, "Basi. Ni yangu, Vern. Usiiguse." Kisha akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi.

Kwa hiyo alipewa na mwanamume.

Alhamisi, 8 Machi

Usingizi wa mang'amung'amu. Mwanamume gani? Alfajiri nikapata jibu. Duane!

Ushahidi upo tele. Aliwahi kucheza dansi ya polka na Loretta kwenye sherehe ya parokia kabla mimi sijajitokeza. Watu bado wanasifu miguu yake, ingawa sasa akipanda ngazi za baraza yake mwenyewe anahema kama trekta. Kila tukikutana anauliza hali ya Loretta. Kila tukikutana! Na hiyo Toledo yake ni kisingizio tu. Alikuwa nayo ya buluu, akampa mke wangu.

Saa tatu Loretta akaenda kanisani na kina mama wenzake kufinya pierogi za kesho, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Nami nikaingia kazini. Nikachagua ile mbovu kati ya zambarau zangu sita, nikafungua fremu ili nibadilishe. Nusura nizirai. Pembeni, pale fremu ilipofunika, rangi ni zambarau! Ukanda mwembamba kuzunguka jalada zima! Kosa juu ya kosa! Wino mwekundu ulibaki kwenye kingo peke yake. Hakuna nyingine kama hii duniani. Nimeipa jina: Buluu yenye Pindo.

Ndani sikufungua. Kitu cha heshima namna hii hakifunguliwi ovyo, pini zake zina kutu na zinaweza kuchana karatasi. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, kadibodi nyuma, utepe juu. Ya zambarau nikairudisha dirishani ndani ya fremu. Kazi safi kabisa, hata mimi nisingegundua.

Sasa Duane atanunua, samahani, atabadilishana nami zawadi yake mwenyewe. Nilipiga mluzi mpaka jioni.

Ijumaa, 9 Machi

Samaki wa kukaanga ukumbini mwa kanisa. Loretta alikuwa anagawa pierogi. Aliyenitangulia kwenye foleni akapewa sita. Mimi mbili, na vitunguu vyangu vimeungua. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, akauliza kama nimeona jinsi jua lilivyowaka leo. Jua, Parma, mwezi wa tatu! Sikuelewa kabisa.

Duane alikuwa meza ya dirishani, mayonezi kwenye ndevu. Neno lake la kwanza: "Loretta mzima?" Mnaona! Nikamnong'oneza kwamba Jumapili nitakuja mnadani, tunakobadilishana majarida, na kitu cha buluu. Akauliza buluu ipi. Nikamwambia joho. Samaki akamkwama kooni, ikabidi watu wawili wampige mgongoni. Nilifurahi kuliko inavyofaa Kwaresima.

Jumamosi, 10 Machi

Hakuna la maana. Loretta amekaa chumba cha cherehani mchana kutwa, na cherehani haikulia hata mara moja.

Jumapili, 11 Machi

Leo nchi nzima imesogeza saa mbele kwa saa moja, kama kila mwezi wa tatu. Mimi sikusogeza. Loretta alisogeza yake, akaenda Misa ya kwanza, hakuniamsha. Si kawaida yake.

Nikafika ukumbi wa mnada nimechelewa saa nzima, soksi hazifanani. Duane yuko nyuma ya meza yake, ananingoja kama mtu anayengoja daktari. Nikaweka mfuko mezani. Akashika kifua. Nikamwonyesha Pindo. Akaketi.

Nikataja ninachotaka: Bawabu namba moja yake, ile iliyofungwa kurasa kichwa chini, ambayo nimeitamani tangu nikiwa na nywele. Akaguna. Akazunguka meza. Akaniambia, "We Vern una roho mbaya." Halafu akanipa mkono. Na mkono ukishapeanwa pale ukumbini, mambo yamekwisha. Utepe haufunguliwi mezani, ni aibu kwa pande zote mbili.

Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamuuliza kwa ubaridi kama ile buluu inamkumbusha chochote. Akasema Toledo. Mnafiki!

Jumatatu, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Duane alipeleka Buluu yenye Pindo dukani kwa Marge Tomko, muuza majarida, aikague kabla hajaituma kwa wale watu wanaotoa alama na kufungia majarida kwenye plastiki ngumu. Nami nikaenda. Nilitaka niwepo sifa zikimwagwa.

Marge ana lenzi yake na hana subira. Akaitoa mfukoni, akaitazama, hata lenzi hakuigusa. Akasema, "Hii ni jua."

Duane akauliza jua gani.

"La angani, Duane. Unalijua jingine?"

Akatueleza kama anavyowaeleza wateja wa siku ya kwanza. Wino mwekundu ndio unaokufa kwanza ukipigwa na jua. Zambarau inabaki buluu. Pindo ni pale fremu ilipoweka kivuli. Mimi na Duane, wazee wawili, tunalijua hilo. Tumewacheka wengine kwa hilo! Akafungua ndani, na Bawabu wa kurasa za ndani ana joho la zambarau kabisa, kama limetoka kiwandani jana. Marge akasema mtu aliiweka hii kwenye dirisha la kusini miaka mingi kuliko umri wa duka lake. Akainamisha kichwa. "Kuna mtu aliipenda sana hii, maskini."

Halafu akafungua ukurasa wa mwisho. Kuponi imekatwa. Duane akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Tundu lenyewe limepinda, kona moja imechanika, kana kwamba kuponi ilikatwa kwa kikata kucha.

Ilikatwa kwa kikata kucha. Niliikata mimi.

Jikoni kwa mama, mkasi haukuonekana. Kuponi ya pete ya Bawabu, ya plastiki, inayong'aa gizani, inatumwa kwa posta. Wakati ule nilikuwa naosha magari na pete ya dukani ilikuwa ndoto. Pete ilipofika niliifunga ndani ya jarida hilohilo, maana niliona pete bila Bawabu itaonekana rahisi, nikampa Loretta palepale kazini, povu likiwa limejaa mikononi. Alicheka mpaka akalia. Kisha akasema ndiyo. Pete naikumbuka kila siku. Kwamba jarida nalo nilimpa nilisahau kabisa, na miaka yote hii nimemlaumu marehemu mama kwamba alilitupa. Mama, nisamehe.

Kwa hiyo mwanamume yule ni mimi. Nilikaa kwenye kiti cha Marge nikalia. Siwezi kudanganya humu. Marge akanipa karatasi iliyofungiwa donati nijifute.

Duane akataka tuvunje biashara palepale. Nikaruka juu. Ndiyo! Haraka! Chukua namba moja yako! Na hapo nikaharibu. Duane alinitazama. Akauvuta mfuko polepole kifuani. "Mbona una pupa, Vern?" Nikasema sina pupa. "Unalililia jarida lililokaushwa na jua?" Akamwambia Marge kwamba kama Vern Hlavaty anakitaka kitu kiasi hiki, basi kina jambo ambalo hata yeye Marge hajaliona. Akaondoka nacho ndani ya koti.

Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 13 Machi

Asubuhi na mapema barazani kwa Duane, namba moja mkononi. Akakataa. Nikaongeza zambarau zangu tano. Akakataa. Nikamwambia ile yake inanuka ukungu. Akaenda kuinusa, akarudi akasema inanukia vanila.

Theluji ilikuwa inanijaa shingoni. Nikachoka, nikamwambia kweli yote. Kikata kucha. Pete. Povu. Hata polka nikaitaja, na wivu wangu wa Alhamisi.

Duane akasema alicheza na Loretta mara moja tu, na wimbo mzima Loretta alimsimulia habari za kijana mmoja mwembamba anayeosha magari na kuzungumza juu ya pini za majarida. "Nikajua hapa sina changu. Hali yake nauliza kwa sababu anaishi na wewe, Vern." Akaingia ndani akaniletea mfuko. Namba moja akaichukua. Akasema machozi ameyaona na yamemgusa, lakini ile namba thelathini yangu yenye majalada mawili bado anaitaka. Nikaenda nyumbani nikaileta. Iliniuma kama jino.

Nilipanga nirudishe jarida dirishani kimyakimya. Nikafungua mlango wa chumba cha cherehani, na Loretta huyu hapa, ameketi, fremu mapajani. Ya zambarau.

Alijua tangu Alhamisi. "Uliniwekea mpya, Vern. Mimi nalitazama hilo joho kila asubuhi nikitia uzi kwenye sindano. Utanidanganya kwa rangi?" Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alitaka kuona kama nitakumbuka mwenyewe, na kwamba kufikia Jumapili alishaanza kukata tamaa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilitamani theluji yote ya Parma inifunike.

Nikamweleza kila kitu. Nilipofika kwa Duane na polka alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akauliza jarida lina thamani gani. Nikamwambia halina. Jua limelimaliza, kuponi imekatwa, pini zina kutu, Marge asingeliweka hata kwenye boksi la bei ya kutupa pale mlangoni. Akasema vizuri, basi hakuna atakayeliiba mara ya pili.

Nililirudisha kwenye fremu kwa mikono yangu. Nikajitolea kuvuta pazia ili angalau rangi iliyobaki isife. Akakataa. Akasema liache lipate jua, amelizoea hivyo, na kila mwaka likipauka kidogo anajua ni mwaka mwingine tumekaa pamoja.

Halafu kutoka kwenye kikopo cha pini akatoa pete. Ile ile! Ili tujue kama bado inang'aa tuliingia kabatini tukafunga mlango, watu wazima wawili katikati ya makoti. Inang'aa. Kidogo, lakini inang'aa. Nampenda mwanamke huyu. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 18 Machi

Wiki njema kuliko zote. Ijumaa nilipewa pierogi sita na vitunguu vya dhahabu. Nimemwahidi Loretta, mkono kifuani, kwamba sitagusa tena kitu chake. Nimemwambia Padri kuwa mimi ni mtu mpya. Padri akacheka tena.

Kuna jambo dogo tu. Halina uzito. Kule kabatini, pete ilipong'aa, niliona ule mwezi mwandamo uliochorwa juu yake. Umetazama kushoto. Pete zote za Bawabu nilizowahi kuona, ile ya kwenye kabati la kioo la Marge na zile mbili za Duane, mwezi hutazama kulia.

Sijamwambia mtu. Huenda si kitu. Lakini kama kalibu iligeuzwa kiwandani, hata kwa asubuhi moja, basi Duane akisikia atalala sakafuni. Ni suala la Marge kuitupia lenzi, dakika chache, na pete irudi kwenye kikopo. Na ili kikopo kisikae kitupu wakati huo, Duane anazo mbili, moja ikikaa humo hataona imepungua. Kubadilishana si kununua.

Alhamisi Loretta anakwenda kufinya pierogi.