Bukari Masikioni

Jumatatu, 3 Oktoba 1994. Kikula, Likasi.

Joto. Mvua bado. Jana Papa Édouard, mkubwa wa orchestre yetu, amenivunjia heshima mbele ya wanamuziki wote. Eti sauti ninayo, masikio sina. Eti katika wimbo wa tatu nilitoka kwenye noti na sikurudi tena. Wote walicheka. Chadrack alicheka mpaka akakaa chini. Chadrack ni mwimbaji wa pili, na cheo hicho kinamuuma.

Hukumu: Jumamosi tunaimba kwenye ndoa ya Fidélie wa kwa wakwe zangu. Nikikosa noti tena, mikro inakwenda kwa Chadrack, na mimi, minye mwenyewe, nitabeba ampli ya gita.

Minye! Hervé Sauti-ya-Shaba! Kubeba ampli!

Masikio yangu ni mazima kabisa. Mwenye kosa ni ampli. Papa Édouard anaifungua mpaka mwisho, gita lake linafunika kila kitu, minye sijisikii. Nilimwomba apunguze kidogo. Alijibu kwamba gita halipunguzwi. Sawa. Tutaona.

Maana leo Mungu amenijibu kwa njia ya mikate. Émérence, bibi yangu wa ndoa, alinunua mikate ya mafuta sokoni, imefungwa ndani ya ukurasa wa gazeti la Ulaya. Kuna picha: mwimbaji jukwaani, sikioni ana kidude. Anajisikia mwenyewe ndani ya sikio, ampli ipige mpaka ichoke. Na imeandikwa kwamba siri haiko kwenye kidude. Siri iko kwenye embout, kile kizibo laini kinachokishika kidude sikioni. Ziko za sponji, ziko za mpira, ziko zinazofinyangwa kwa kufuata sikio la mwenyewe. Embout nzuri huleta kimya, na msanii mwenye akili huchagua ile ambayo... Hapo mafuta ya mikate yamekula maneno yote.

Haidhuru. Akili ninayo. Nitachagua mwenyewe.

Vidude ninavyo pia. Jirani yetu aliyepanda treni mwaka jana na familia yake yote, Wakasai walipofukuzwa, aliniachia walkman, akasema nimtunzie mpaka arudi. Walkman ilikufa. Vidude vya masikioni ni vizima, ila sponji zake zilianguka zamani. Nikiweka sikioni na kutikisa kichwa, vinaanguka. Na minye bila kutikisa kichwa si msanii.

Jumanne, 4 Oktoba

Sponji. Nimekata kwenye godoro. Upande wa Émérence, kwa sababu upande wangu umeisha kabisa. Nilikata kidogo tu, pale ambapo mtu haangalii.

Émérence ameangalia. Ameuliza ni panya gani anayekata kwa wembe. Nimemweleza mambo ya Ulaya. Amesema akilala vibaya na minye nitalala vibaya, atahakikisha.

Lakini matokeo! Nilichomeka sponji masikioni, nikaimba, nikajisikia. Mwimbaji mkubwa! Halafu nikacheza kidogo, jasho likaja, sponji zikalowa, vidude vikachomoka. Sponji moja nimeiokota chini. Ile ya kushoto imepotea. Nimetafuta chini ya kitanda, chini ya mbabula ya makaa, ndani ya kiatu. Imekwenda kabisa.

Sponji ni za watu wasiotoa jasho. Nimezifuta.

Jumatano, 5 Oktoba

Mpira. Chambre ya zamani ya ndani ya gurudumu la baiskeli ndiyo mpira mzuri kuliko yote. Nilikuta moja imening'inia nyumbani kwa Papa Édouard, ukutani, haina kazi. Nilikata vipande viwili, nikavitoboa katikati, nikavivalisha vidude. Zinashika! Zinanuka kidogo, lakini zinashika.

Nikaenda nazo kwenye mazoezi. Nilichomeka waya kwenye meza ya sauti, kwenye tundu la kusikilizia, nikafunga macho, nikaanza. Nilipofika kwenye sauti ya juu nilifungua kinywa sana, taya likasukuma mpira, na kidude kikaruka kama kizibo cha mulangi ya bia kikampiga Chadrack puani. Hiyo ndiyo faida pekee ya mpira.

Chadrack ameshika pua na kutangaza kwamba sasa natupa silaha. Papa Édouard hakucheka. Alikuwa anaangalia kile kipande cha mpira. Kumbe ile chambre ilikuwa ni ya akiba, ndiyo anayotegemea kwa safari zake za baiskeli kwenda Kamatanda. Leo alipata pancha. Amerudi kwa miguu.

Ameniambia: “Hervé, weye uko na bahati minye ni mukristu.”

Mwenye wivu asinipotezee wakati. Limebaki jambo moja kwenye ukurasa: embout ya kufinyanga.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimewaza asubuhi nzima. Mzungu anafinyanga kwa dawa zake za dukani. Sisi katika nchi hii tunafinyanga nini kila siku, kwa mkono wa kuume, tangu utoto, bila kufundishwa? Nimepiga paja langu kwa furaha. Bukari!

Unakata tonge la ugali wetu huo, unalizungusha kiganjani, unalitoboa kwa kidole gumba. Tayari ni embout! Tunatobolea mboga, kumbe tungeweza kutobolea muziki. Hakuna mtu Likasi aliyewahi kufikiri hivi. Hakuna!

Shida moja. Mama Suzanne, mama mukwe wangu, amefika leo kwa ajili ya ndoa. Fidélie ni mjukuu wake. Kwa heshima yetu, minye sili mbele yake, simtazami usoni, wala yeye hasemi na minye. Tangu nimuoe binti yake, maneno yote yanapita kwa Émérence. Nikiwa barazani, yeye yuko nyuma ya nyumba. Tunaishi vizuri sana hivyo.

Basi nilijificha jikoni na tonge la moto. Nililikanda mpaka likawa laini, nikaliingiza ndani ya sikio la kulia, nikainama upande ili likae. Ndipo mlango ukafunguka. Mama Suzanne! Minye magotini, bukari sikioni, mchuzi wa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kwenye vidole.

Aligeuka haraka, akaangalia ukuta. Akauambia ukuta, kwa sauti ya kuita watu: “Émérence! Umwambie bwana yako: bukari ni ya kinywa.”

Émérence alikuja, akaniambia neno kwa neno, kana kwamba sikusikia. Halafu akaongeza ya kwake: unga wenyewe wa kutafuta mpaka miguu inavimba, watu wanakula mara moja kwa siku, na minye nalisha sikio.

Nilijibu kwamba sikio hilo ndilo litakalolisha nyumba. Ukuta ulicheka.

Ijumaa, 7 Oktoba

Embout zilikauka juu ya bati. Nzuri, ngumu, zina sura ya masikio yangu kabisa, nimezitoboa kwa spoku ya baiskeli. Niliingia kunywa maji. Nilipotoka, kuku alikuwa amekula moja na anapiga mdomo kwenye ya pili.

Nilimfukuza kuku mpaka kwa mwenyewe. Mwenyewe aliniuliza kuku ameiba nini. Nilisema masikio yangu. Ameingia ndani na kufunga mlango.

Nitafinyanga tena kesho asubuhi. Zitakaukia ndani ya sikio, hata ni bora. Simwogopi mtu. Chadrack amepita mbele ya nyumba akiimba nyimbo zangu. Apite tu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Asubuhi. Nimefinyanga. Zimeingia vizuri sana. Kulia nasikia kidogo, kushoto kimya kabisa. Ukurasa ulisema embout nzuri huleta kimya. Basi ya kushoto ndiyo nzuri zaidi.

Jioni.

Uwanja ulijaa. Kofia, vitenge, harufu ya mbuzi. Nilichomeka waya, nikafunga macho, nikaanza wimbo wa mapenzi. Nilijisikia! Mbali, kama mtu anaimba ndani ya pipa, lakini ni minye. Halafu, katikati ya beti, kimya kikazidi. Kikazidi tena. Nikawaza: jasho limeivisha bukari, sasa imeziba sawasawa. Huu ndio ufundi wenyewe! Nikaongeza moyo. Niliimba kwa tumbo, kwa mgongo, kwa vidole vya miguu. Nilitikisa kichwa na hakuna kilichoanguka!

Nilipofungua macho, watu wote walikuwa wamesimama. Wanaume wameshika kofia mikononi. Vichwa chini. Hakuna anayecheza. Papa Édouard ameweka gita chini na ananipungia mikono miwili.

Baadaye Émérence ameniandikia juu ya karatasi, maana sisikii: umeme ulikatika, bwawa la Koni limetuacha tena. Ampli ikafa. Familia ikasema basi tutumie nafasi hii, dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu Papa Michel, babu ya bibi arusi. Bwana ya Mama Suzanne. Yaani mkwe wangu minye! Na katika ukimya huo wote minye niliimba peke yangu kwamba viuno vya wasichana wa Likasi vinanipotezea usingizi.

Halafu likaja jambo kubwa zaidi. Mama Suzanne alivuka uwanja mzima. Alisimama mbele yangu. Alinitazama usoni, mbele ya watu wote! Na alisema na minye. Alisema maneno mengi, machozi yanashuka.

Sikusikia hata neno moja.

Nilijibu: “Aksanti, mama.” Kama alinilaani, nimeshukuru kwa laana.

Jumapili, 9 Oktoba

Bukari haitoki. Imekuwa jiwe. Nimejaribu pini ya nywele, nimejaribu maji ya moto, nimeruka kwa mguu mmoja. Sikio la kushoto linauma mpaka kwenye meno.

Papa Édouard amekuja, amesema kwa mikono, nimeelewa yote. Mikro: Chadrack. Ampli: minye. Nimemjibu kwa nguvu zote kwamba sibebi. Inaonekana nilipiga kelele sana, majirani wametoka nje.

Nimemwuliza Émérence mama yake alisema nini. Amenionyesha sikio lake kwa kidole, halafu amekwenda zake.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimekwenda kutibiwa dispensaire, kwa Masera Angèle. Huyu mtawa hana huruma. Alipiga maji sikioni kwa bomba, bukari ya kulia ikatoka, ya kushoto ikatoka, na nyuma ya ya kushoto, jamani, ikatoka sponji! Ile ya godoro! Imekaa humo tangu Jumanne! Masera aliiweka juu ya sahani akaita wenzake waje kuona. Aliniambia sikio langu lilikuwa zuri, lisilo na shida, mpaka lilipokutana na minye. Akanichoma penisilini tako la kushoto. Akasema moja inatosha, maana chupa ni chache.

Njiani nilisikia kila kitu. Mbwa, baiskeli, vitenge vya Émérence vinavyosugua. Nilimwuliza tena. Alisimama, akanieleza.

Mama yake alisema hivi: tangu Michel afe, nimesikia hotuba na vilio, lakini muntu wa kumwimbia hakukuwa. Na ule Michel alipenda viuno, munajua wote. Leo umeimba bila gita, bila kelele, sauti yako tu, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Jumapili kuna sala yake nyumbani. Kuja umwimbie tena, vile vile. Bila kintu mu masikio.

Nililia barabarani, nasema ukweli. Mama mukwe amevunja desturi kwa ajili yangu, na minye nilikuwa nimeziba.

Jumanne, 11 Oktoba

Nakaa upande mmoja, tako linauma. Nilipita kwenye mazoezi, kwa bahati tu. Chadrack anaimba, ampli imefunguliwa mpaka mwisho. Wimbo wa tatu: ametoka kwenye noti! Amekwenda mbali kuliko minye! Papa Édouard anamwambia hana masikio. Nilicheka, nikaumia tako, nikacheka tena.

Jioni Papa Édouard amekuja mwenyewe. Ameketi. Amesema amefikiri, hata watu wa ndoa wanamwambia Hervé aliimba vizuri siku ile umeme haukuwepo. Nirudi kwenye mikro. Atapunguza ampli. Yeye, kwa kinywa chake! Sharti ni moja tu: nisitie kitu masikioni.

Sasa ndiyo anapunguza? Amechelewa! Nimemwambia Hervé Sauti-ya-Shaba hapewi masharti. Ameondoka anatikisa kichwa, na Émérence ameinua mikono juu.

Hawajui nilichonacho mfukoni. Jana, wakati Masera anaandaa sindano, niliona kile kizibo cha chupa ya penisilini. Mpira laini, wa kijivu, mdogo, mviringo, na katikati sindano imekwisha kuutoboa! Alipogeuka kunawa mikono, nilikichukua. Leo nimekijaribu sikio la kulia. Kinaingia kama kilizaliwa humo. Hakinuki, hakilowi, kuku hawezi kukila. Nimetikisa kichwa mpaka kizunguzungu. Hakianguki!

Mama Suzanne ataimbiwa Jumapili kwa ufundi unaostahili. Amesema bila kitu masikioni kwa sababu hajaona hiki.

Shida ni kwamba ninacho kimoja, na masikio ni mawili. Masera hawezi kufungua chupa nyingine kwa mtu asiye mgonjwa. Sikio la kushoto linapona. La kulia halijawahi kuugua, sasa ni zamu yake.

Nimemwomba Émérence anibakishie bukari kidogo. Ya moto.