Ego Kumi na Nane

Jumatatu, 14 Julai
Mwalimu Nehemia amemaliza mada ya uwezekano. Uwezekano wa pamoja: unazidisha. Uwezekano wenye sharti: jambo hili likishatokea, lile lina nafasi gani? Darasa zima lilipiga miayo. Mimi niliona cheo! Ijumaa tunachagua dada mkuu. Wagombea watatu: mimi, Iradukunda wa bweni la pili, na rafiki yangu Verediana.

Jumanne, 15 Julai
Utafiti kwenye foleni ya bomba. Nimewauliza wasichana ishirini, kidato cha kwanza kumi, cha pili kumi, kama watanipa kura. Kumi na wanane wamejibu "Ego", tisa kila kidato. Mimi ni mtoto wa Ujiji, Kiha changu ni cha sokoni, lakini ego naijua: ni ndiyo! Tisa ya kumi mara tisa ya kumi: themanini na moja ya mia kuvichukua vidato vyote viwili.

Jumatano, 16 Julai
Nimemwonyesha Verediana daftari. Nikamshauri kwa upole ajiepushe na aibu. Alisoma mara mbili. Jioni akafuta jina lake. Alikuwa ameshawaambia wazazi wake, kijijini Kidahwe, kwamba anagombea. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikaandika hotuba ya shukrani.

Ijumaa, 18 Julai
Sitaki kuandika. Naandika.
Mwalimu alianza kusema, "Dada mkuu wetu mpya ni…" Nikasimama, hotuba mkononi. Iradukunda, kura mia mbili na tatu. Mimi, kumi na saba. Sikukaa. Niliona kukaa kutaonekana zaidi. Nyuma yangu mtu akauliza kama mgombea anaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jumamosi, 19 Julai
Mwalimu Nehemia kakagua hesabu zangu. Kuzidisha ni sahihi, kasema. Kisha akauliza: hao wa ego, Iradukunda alipowaomba kura walimjibu nini?
Nikaenda bombani kuuliza. Walimjibu ego. Wote. Hata mpishi alipowaambia ugali umeungua, walimjibu ego.
Verediana alikuwa pale anafua. Hakuinua kichwa.
"Wema, kwetu ukisemeshwa na mkubwa unaitika. Ego ya hivyo ni nakusikia tu."
Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.
"Hukuniuliza. Ulinionyesha daftari." Akakamua sketi. "Na kura yangu nilikupa."
Nilitamani bomba linimeze.

Jumapili, 20 Julai
Nimemwomba Verediana msamaha, bila daftari. Nimekiri kwamba nilimnyang'anya nafasi yake kwa hesabu mbovu. Nikamuuliza kama amenisamehe. Alikuwa anasuka nywele za mtu. Akasema, "Ego."
Nikamuuliza kama kesho tutakaa dawati moja kama zamani. "Ego."
Nimerudi bwenini mbio. Kwa sharti kwamba amesema ego, kunisamehe ni tisa ya kumi. Dawati, tisa ya kumi. Nimezidisha. Themanini na moja ya mia!
Nimeshaenda darasani kumfutia kiti vumbi.