Mabakuli Mawili ya Wageni na Masikio Yangu

Mtaa wa Kamiyanagi,
Matsumoto.
Mwezi wa sita, mvua ikinyesha

Kwa Shangazi Fusae Kuwabara,
Mtunza Vyombo wa Ukoo,
Shiojiri.

Mpendwa Shangazi,

YAH: MADAI YAKO YA KURUDISHIWA MABAKULI YALIYOKO MASIKIONI MWANGU

Shikamoo. Mvua za mwaka zimeingia, maua ya ajisai yamefunguka uani, na konokono wamepanda ukuta wa choo kwa wingi usio wa kawaida. Natumaini magoti yako yanauvumilia unyevu huu. Najua barua njema huanza na hali ya hewa, nami nimetimiza wajibu huo.

Nakuandikia kwa sababu ya simu uliyopiga jana. Baba aliishika mbali na sikio lake kama anavyofanya kila ukipiga wewe, kwa hiyo sote tulisikia. Ulisema: "Mwambie huyo binti yako, Jumapili nataka mabakuli ya Mama mezani, yote matano! La sivyo nakuja na bisibisi yangu mwenyewe!" Baba akajibu, "Ndiyo, Dada. Sawa, Dada. Hapana, Dada, hajalala, yupo bafuni." Nilikuwa bafuni kweli, Shangazi. Niliingia niliposikia unaomba uzungumze na mimi. Nikishika simu maneno hunikimbia, na wewe unajua, maana siku nilipomaliza shule ulinipigia ukadhani laini imekatika. Nikishika kalamu maneno hurudi. Naomba basi unisikilize kwa njia hii.

Kwa faida ya mumeo, Mjomba Isao, ambaye najua utamsomea barua hii wakati wa chakula, nieleze kwanza mambo yalivyo. Nina hedifoni nilizonunua zikiwa zimetumika nilipokuwa bado shuleni. Hazikuwa na kasoro isipokuwa vikombe vyake vya plastiki vinavyofunika masikio, ambavyo vilifanya besi isikike kama mtu anayepiga ndoo tupu. Sisi tunaopenda kuchezea hedifoni tuko wengi, ingawa hatuonani, kwa kuwa ni aina ya watu wasiopenda kuonana. Na sote tunajua kuwa dawa ya plastiki ni mti. Wenye uwezo hununua vikombe vya mti vilivyochongwa tayari. Mimi nilifungua kabati la Bibi.

Humo, ndani ya sanduku, yamefungwa kwa karatasi laini, yalikuwamo mabakuli matano ya supu ya wageni ambayo Bibi alikuja nayo siku ya harusi yake. Ni ya mti wa keyaki, meusi nje, mekundu ndani, mepesi mkononi lakini kuta zake nene. Nilichukua mawili. Yaliingia kwenye fremu kama yaliyopimwa. Nikayabana kwa pete, nikayajaza kile kitambaa kizito cha sufu nilichokuwa natandika chini ya karatasi kwenye somo la kuandika kwa brashi, nikafunga skrubu, nikavaa. Shangazi, sijui nikuelezeje. Besi ilifika kama mtu mzito anayetembea taratibu juu ya mikeka ya chumba cha pili. Humwoni, lakini unajua yupo, na hukai tena peke yako.

Sasa unataka Jumapili, kwenye kumbukumbu ya Babu, mabakuli hayo yawe mezani. Yakiwa mezani, hedifoni zangu zitabaki mifupa. Shauri lote ni hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu neno "wageni". Unasema ni mabakuli ya wageni. Naomba kwa heshima unitajie mgeni mmoja aliyewahi kunywea. Mwalimu wangu wa darasa alipotutembelea nyumbani, Bibi alimpima kwa macho kuanzia soksi, kisha akatoa mabakuli ya kila siku. Walipokuja wakwe zako, Shangazi, Mama alikuwa ameshalishika sanduku. Bibi akamnong'oneza, "Hao? Rudisha." (Samahani. Labda usimsomee Mjomba sehemu hii.) Hata Babu, siku aliyostaafu kazi ya reli, aliomba anywee bakuli moja kwa kujipongeza tu, akaambiwa, "Wewe si mgeni, wewe ni mume wangu." Mama anasema Babu alicheka mpaka akapaliwa na supu yake ya kila siku. Bakuli lisilowahi kuonja supu si bakuli bado. Ni kipande cha mti chenye shimo kinachosubiri kazi. Mimi niliyemaliza shule mwezi wa tatu naielewa sana hali hiyo.

Ulisema kwenye simu kwamba Jumapili mgeni ni Babu mwenyewe, na kwamba bakuli la kwanza litawekwa mbele ya picha yake. Hoja hii ina nguvu, kwa hiyo naiacha hapo na kwenda namba ya pili.

2. Kuhusu neno "wizi". Hili limeniumiza kuliko bisibisi. Mimi sikuiba. Niliomba. Bibi alikuwa sebuleni ametulia mbele ya mieleka ya sumo, amemaliza kula, na mimi nikapiga magoti pembeni yake kwa adabu zote nikasema, "Bibi, mabakuli mawili, je, inafaa?" Naye, bila kuondoa macho kwenye runinga, akajibu, "Kekkō."

Wewe unasema Bibi akisema kekkō maana yake ni hapana. Naomba tulitazame neno hili bila hasira. Ukimwongezea mtu chai akasema kekkō, amekataa, unaondoa birika. Lakini ukimwonyesha mwalimu kazi yako akasema kekkō, imempendeza, unaendelea. Daktari akiangalia picha ya kifua cha Baba akasema kekkō, tunarudi nyumbani tukishangilia, hatuendi kununua jeneza. Neno ni moja, na lina milango miwili. Nilisimama mbele ya neno hilo, nikaingia kwa mlango uliokuwa wazi upande wangu. Kama kuna mwenye kosa hapa ni lugha yetu yenyewe, na naomba ukaishtaki hiyo kwanza. Mimi nitakuja kutoa ushahidi, kwa maandishi.

Ili jambo hili liishe kabisa, nikimaliza kuandika nitamwomba Bibi aisome barua hii na kugonga muhuri wake chini, kama shahidi.

3. Kuhusu kuvunja seti. Watu wetu hawaipendi nne kwa sababu ya jinsi inavyotamkwa, kama kifo. Ningechukua bakuli moja, yangebaki manne, na ungekuwa na haki ya kulia. Nilichukua mawili kwa makusudi. Yamebaki matatu, idadi njema kabisa. Nilitarajia kushukuriwa.

4. Ulisema, "Anaziba masikio ili asisikie watu." Hili nimelifikiria muda mrefu, Shangazi, na najibu kwa ukweli. Siku ya mwaka mpya nilikaa kwenu tangu asubuhi nikiwa na masikio matupu kabisa, na niliyoambiwa ni "Umekuwa mrefu" na "Nipitishie chumvi." Tangu nivae hedifoni hizi watu huanza mazungumzo wenyewe. Yule kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, ninakonunua msasa, aliniangalia kichwani akasema, "Dada, samahani, hayo si mabakuli?" Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Ya supu?" Nikasema, "Bado." Hayo yalikuwa maongezi yangu marefu kuliko yote tangu nimalize shule, na nilifika nyumbani nikitabasamu mvuani.

4b. Na ukweli mwingine, kwa kuwa nimeshaanza. Sizibi masikio ili nisisikie watu. Nayaziba kwa sababu nasikia sana. Nyumbani kwetu kila mtu anauliza nitafanya nini sasa. Hawaulizi mimi, wanaulizana wao kwa wao nyuma ya milango ya karatasi, ambayo, kama unavyojua, ni karatasi.

5. Kuhusu heshima kwa mti. Jumapili kasisi wa hekalu atakuja na ile ngoma yake ya mti iliyochongwa kama samaki, atakaa mbele ya picha ya Babu na kuigonga mpaka amalize sala. Ngoma ile ni nini, Shangazi, kama si mti wenye shimo unaotoa besi? Siku ya mazishi ulilia kasisi alipoanza kuigonga, kabla hata hajasema neno. Nilikuwa nyuma yako, niliona mabega. Kwa hiyo besi ya mti unaijua. Imekufikia. Sasa kwa nini mti wenye shimo ukigongwa na kasisi uwe ibada, na ukigongwa sikioni mwangu uwe uharibifu wa mali?

Nilipofika hapo katika kufikiri niliona siwezi kurudi nyuma. Nilianza kugonga vyombo vyote vya mti nyumbani kwa kifundo cha kidole. Chombo cha kuwekea wali kina sauti nzuri ya katikati. Beseni la kuogea la Baba ni zito, lina kiburi kidogo. Madhabahu ya familia sijaigusa, naapa, isipokuwa nimeigonga mara moja pembeni kwa adabu, na lazima niseme: ni bora kuliko vyote. Usiogope. Nataja tu kwa ajili ya kumbukumbu.

6. Kwa sababu zilizotajwa, naomba yafuatayo:

(a) Uondoe neno "wizi" na badala yake useme "kuhamishiwa kazi nyingine".

(b) Mabakuli matatu yaliyobaki nayo nikabidhiwe. Mawili nitamtengenezea Baba spika ndogo za redio, maana analalamika kuwa mtangazaji wa hali ya hewa anaongea kama mbu. La tatu nitalifanyia utafiti.

(c) Jumapili sote tunywee mabakuli ya kila siku, yaliyomtosha Babu maisha yake yote.

(d) Wewe, Shangazi, ukifika, kabla ya kuvua koti, uvae hedifoni hizi kwa muda wa wimbo mmoja. Mmoja tu. Nitakuchagulia wenye besi ya kistaarabu. Baada ya hapo, kama bado unataka kufungua skrubu, bisibisi ninayo, huna haja ya kubeba yako kwenye treni.

Nikimaliza, naomba usione nimekosa adabu. Nimeandika kwa kukaa vizuri, mgongo umenyooka, na nimefuta kwa mpira sentensi mbili ambazo zilikuwa kali. Msalimie sana Mjomba Isao, pia mbwa wenu Gonta, na jirani yako anayetuletea tufaha ambaye jina lake huwa naogopa kuliuliza. Baba anakusalimu. Mama anasema asante kwa figili, zimeshachachuka vizuri. Tujikinge na baridi ya mvua mpaka tuonane.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako, mwenye kukuheshimu hata ninapokupinga,

Nazuna Kuwabara

Nyongeza: Nimempelekea Bibi barua hii agonge muhuri. Aliisoma na kioo chake cha kukuzia, ukurasa kwa ukurasa, uso mkavu. Alipofika namba ya pili alisimama, akarudia, kisha akaanza kucheka mpaka akalazimika kushika meno yake ya bandia. "Mjukuu wangu," akasema, "kumbe siku ile uliuliza mambo ya kabatini? Mieleka ilikuwa inapiga kelele. Nilisikia 'mabakuli mawili', nikadhani unaniuliza kama nitaongeza supu. Nilikuwa nimeshiba!" Kwa hiyo neno lile lilikuwa na milango mitatu, Shangazi, na mimi niliingia kwenye ule wa tumbo. Namba ya pili naiondoa yote. Naona namba ya tatu inayumba, na ya sita haina tena miguu.

Bibi hakukasirika. Alisema tu, akifuta machozi, kwamba miaka yote hiyo aliyaficha kwa sababu aliogopa yakitumika yataisha, na kwamba angempa Babu lile alilomwomba kama angejua kuwa ataondoka kwanza. Nilichukua bisibisi.

Bakuli la kushoto nimeshalifungua, nikaliosha kwa maji ya uvuguvugu na kulifuta kwa kitambaa laini. Kuna jambo sikulitaja huko juu: lina tundu dogo nililotoboa kwa keekee, la kupitisha waya, upana wa kidole kimoja chini ya ukingo. Kwa asiye mlafi halivuji. Tafadhali Jumapili hilo nipewe mimi, na supu isijae.

La kulia nitalifungua Jumapili asubuhi kabla treni yako haijafika. Mpaka siku hiyo nasikiliza kwa upande mmoja. Sikio la kushoto liko wazi, Shangazi. Ukipiga simu kesho nitaipokea mwenyewe. Nikinyamaza usidhani laini imekatika. Wewe endelea tu kuongea, nipo.