Sura ya Bibi Stoimenka kwenye Kila Nguzo

Jumatatu, 4 Oktoba 2021
Meya kaniita. Gari la chanjo laja Ijumaa. Wazee wasipojitokeza halirudi tena kijijini, na kazi yangu ya uhamasishaji anapewa Tsonka wa maktaba. Tsonka! Keshabandika picha ya kirusi cha korona. Nani atapanga foleni kwa ajili ya mpira wenye miiba? Hapa kwetu karatasi pekee inayosomwa na kila mtu ni tangazo la kifo: picha, jina, fremu nyeusi, nguzo hadi nguzo. Basi nitaiga hilo. Akili ni nywele, na zangu ni za kusuka.

Jumanne, 5 Oktoba
Nimempiga picha Bibi Stoimenka. Kachanja wiki iliyopita, na kijiji kizima humsikiliza. Kakataa kucheka; kasema kicheko ni cha wenye meno. Maneno yangu: "Stoimenka Radkova, miaka 84. Amechanja. Tunamshukuru." Fremu nyeusi, nene. Nimebandika stendi, kanisani, hata kwenye geti lake. Safi sana!

Jumatano, 6 Oktoba
Ushindi! Wanaume wanavua kofia wakisoma. Mama mmoja kalia. Tangazo gani la serikali liliwahi kumliza mtu hapa? Tsonka kacheka hadi kashika ukuta. Kijicho tu.

Alhamisi, 7 Oktoba
Balaa. Watu wamejaa kwa bibi na mishumaa na ngano ya kuchemsha, ile ya msibani. Mpwa wake katoka mjini Sofia na shada la maua, kamkuta uani anachoma pilipili hoho. Bibi kanikimbiza na koleo, akitaka kujua amekufa lini. Na sasa kila mtu anasema chanjo imemuua Stoimenka. Meya kasema gari likiondoka tupu, nami nipande. Nimeogopa kweli. Tangu kiangazi tunazika tu, na mmoja alikuwa mjomba wangu.

Ijumaa, 8 Oktoba
Gari limefika. Uwanja mtupu. Mara huyo, Bibi Stoimenka, na waombolezaji wake wote nyuma.

"Si mmekuja kunizika? Ngano yenu nimeila, tamu! Haya, pandisheni mikono ya nguo. Atakayekataa akifa, mimi msibani kwake siendi!"

Wamepanga foleni, mpwa mbele na shada lake. Dawa imeisha watu wangalipo. Dereva kasema atarudi.

Jumamosi, 9 Oktoba
Meya kasema tumshukuru bibi. Sikubali. Ni fremu! Bila fremu wangekuja kumlilia nani? Kwa hiyo leo nimemtengenezea meya mwenyewe tangazo lake: picha yake nzuri kuliko zote, fremu nene zaidi, na msalaba juu kuongeza heshima. Nimeijaza stendi nzima. Mkewe anarudi kwa basi la jioni; atafurahi sana.