Kikombe cha Mwisho cha Mama Mkwe

Mbishi aliingia na simu mkononi, hata salamu hakutoa.

"Washikaji, dunia imekwisha! Someni wenyewe. Jamaa kamaliza gemu, kamuua adui mkubwa, kaona na majina ya waliolitengeneza yakipita yote. Badala ya kwenda kulala, karudi mwanzo kumtafuta kuku mmoja aliyejificha. Mwaka mzima anatafuta kuku! Alipompata kalia machozi. Na zawadi yake nini? Kikombe! Tena cha kwenye kioo, hata maji hakichoti!"

Kijiwe chetu ni benchi refu ndani ya saluni ya Kinyozi, linalotazamana na televisheni. Mimi nauza viatu mlango wa pili. Sindano, fundi cherehani, huja na nguo zake, anashona huku anachokoza.

"Huyo namwelewa," Sindano akasema, uzi mdomoni. "Mimi shati likibaki kifungo kimoja, usingizi sipati."

"Shati linavaliwa! Kuku wa kwenye kioo analiwa?"

"Na ubishi wako, nani anaula? Mbona huuachi mpaka tukubali wote?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na kahawa. Kinyozi peke yake hakucheka. Alikuwa kamshika mteja kichwa, mashine inanguruma hewani, hainyoi kitu.

"Jamani," akasema, "nyumbani kwangu yupo mgonjwa wa aina hiyo."

"Mwanao?"

"Mama mkwe."

Mbishi alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Alikuja kutusalimia siku mbili tatu," Kinyozi akaendelea, "sasa mwezi unakatika. Siku ya kwanza alinikuta nacheza. Kwa heshima nikaweka pedi ya kuchezea chini. Akaniuliza, 'Baba, mbona kazi unaiacha njiani?' Akaishika yeye. Mpaka leo hajaiachia! Gemu lenyewe la msafiri na farasi wake. Akalimaliza, nikashukuru Mungu, nikamtolea na mkoba sebuleni. Akasema, 'Mkoba rudisha chumbani. Hapa wameandika asilimia tisini na nane.'"

"Alikosa nini?" nikamuuliza.

"Vikombe viwili. Kimoja cha kumsalimia kila mtu njiani. Mimi hao watu nilikuwa nawapita na farasi, vumbi tupu. Yeye kashuka, nyumba hadi nyumba. 'Unapitaje mlangoni kwa mtu kimya kimya?' Kakipata! Kilichobaki sasa ni cha wachezaji wawili. Mnabeba gogo, mnavuka mto kwa kuruka mawe. Wa nyuma ndiye anayeona jiwe, amwambie wa mbele aruke."

"Si umwambie aruke!" Mbishi akadakia.

"Nimwambie mama mkwe 'ruka'? Una akili timamu wewe? Nasema, 'Samahani mama, kama hutajali, naomba uruke.' Nikifika kwenye 'naomba', tuko majini wote!"

Benchi zima lilitikisika kwa vicheko. Hatujamaliza, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja mfupi, mnene, kabeba kifurushi cha shuka kifuani kama mtoto mchanga. Tukasimama wote.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Baba, nyumbani umeme umekatika. Nikaona huku upo."

Akafungua shuka. Mashine ya gemu, nyaya na pedi mbili. Akaichomeka kwenye televisheni mwenyewe, akampa Kinyozi pedi moja.

"Bwana, mimi niko nusu!" mteja akalia, upande mmoja upara, upande mwingine kichaka.

"Tulia," Sindano akamwambia. "Wewe asilimia hamsini tu unapiga kelele. Mwenzako ana tisini na tisa, umemsikia akilalamika?"

Mbishi akashindwa kujizuia. "Mama, nisamehe kwa kuuliza. Hicho kikombe kitakusaidia nini?"

Mama hakugeuka. "Mwanangu, nimelea watoto saba. Nguo nafua, jioni zimechafuka. Sahani naosha, zinatumika tena. Ua nafagia, upepo unanisubiri nyuma ya nyumba. Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa na mtu, 'Mama, hii imeisha.' Hili dude nikimaliza kitu linaniambia kimeisha. Na tarumbeta linanipigia."

Mbishi akasogea kwenye benchi, mama akae vizuri.

Wakaanza. Jiwe la kwanza. "Samahani mama, kama huta—" Chubwi! Wakarudia. "Mama, kwa heshima na taadhima—" Chubwi! Sindano akaacha kushona. Mteja akasogea mbele na shuka lake la kunyolea shingoni. Safari ya tatu wakafika jiwe la mwisho, gogo linayumba, Kinyozi jasho linamtoka kwenye nyusi, na mara akafumba macho akabweka:

"RUKA! RUKA WEWE!"

Mama akaruka. Gogo likatua ng'ambo. Tarumbeta likalia saluni nzima, asilimia mia moja ikawaka, mteja akarusha mikono juu akamkumbatia Mbishi.

Kinyozi alikuwa keshapiga magoti. "Nisamehe mama. Nimekubwekea."

Mama alitazama ile mia moja mpaka ikapotea. Akajifuta jicho kwa ncha ya shuka, kisha akamtazama mkwewe.

"Inuka baba. Tangu umuoe binti yangu najiuliza, huyu mwanaume ana sauti au hana. Kesho nisindikize kituoni, nirudi kwangu."

Mwezi mzima Kinyozi alikuwa akiliombea neno hilo. Lakini aliinuka anasuasua, pedi bado mkononi, akakohoa.

"Mama… nasikia kuna sehemu ya pili imetoka."

Tukamkodolea macho wote.

"Hiyo cheza na mkeo," mama akasema, akizungusha nyaya. "Ila yeye usithubutu kumwambia 'ruka wewe'. Nimemzaa mimi, namjua."