Mahitaji ya Chini ya Mtu Anayelala Mchana

Kwa Bwana Tseng,
Meneja Mkuu wa kiwanda chetu cha soksi,
Shetou.

Mheshimiwa,

YAH: KUOMBA WAFANYAKAZI TUHESHIMIWE WALAU KAMA PROGRAMU

Natumaini barua hii inakukuta salama na kiyoyozi chako hakina tatizo. Mimi ni Yeh Chin-shui, mtia mafuta wa mashine za kufuma, mtu mpole ambaye hajakusumbua tangu lile suala la choo. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mwezi uliopita ulitutangazia kwamba mashine zote zimeunganishwa kwenye mtandao, na kwamba imenunuliwa programu ya kuusimamia. Tukapiga makofi. Hukusema kwamba programu hiyo itahamia kwenye chumba chetu cha kulala mchana. Sasa mlango una kufuli, na fundi Liao, yule kijana uliyemleta kutoka Taichung, amebandika hapo karatasi yenye kichwa "Mahitaji ya Chini ya Mfumo". Nimeisoma mpaka nimeikariri, kwani taa zikizimwa baada ya chakula cha mchana ili watu walale, sina pengine pa kwenda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu ipewe kompyuta yake peke yake, isichanganywe na programu nyingine, zisije zikabanana. Bwana Tseng, chumba kile tulilala watu kumi na mmoja, kichwa changu kikiwa miguuni pa Bwana Ko wa kupiga pasi, na miguu ya Bwana Ko unaijua. Hakuna aliyetubandikia karatasi.

2. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti nane, na ikipata kumi na sita itafurahi zaidi. Sina neno. Ila mimi nikisahau kutia mafuta mashine moja nagombezwa mbele za watu, wala hakuna anayeuliza kama kumbukumbu niliyopewa inatosha.

3. Inataka anwani isiyobadilika. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Sisi tangu tufukuzwe tumelala stoo ya nyuzi, tukatolewa. Tukalala kwenye korido, tukatolewa. Tukahamia chini ya ngazi, mhasibu akanikanyaga.

4. Inataka baridi, pasiwe na vumbi, na umeme usikatike hata nje kukiwa na kimbunga. Kiyoyozi tulichokiomba miaka nenda miaka rudi, tukaambiwa kampuni haina uwezo, kilifungwa siku ileile programu ilipoingia. Na juu ya kompyuta imewekwa pakiti ya vitafunwa vya mahindi, ile ya kijani, ambayo mafundi wa kwetu huamini inaufanya mtambo uwe na adabu. Mila hiyo naiheshimu, na mtu akithubutu kuweka ya njano, inayoleta hitilafu, nitakuwa wa kwanza kumsema. Lakini pakiti hiyo hubadilishwa kabla ya muda wake kuisha, ilhali keki mlizotugawia Sikukuu ya Mwezi zilikuwa zimeota ukungu.

5. Fundi Liao mwenyewe amekiri kwamba programu hii hufunguliwa kwenye kivinjari, hata wewe unaweza kuitazama ukiwa nyumbani umekunja miguu kwenye kochi. Vizuri. Kama inaonekana kutoka popote, kwa nini ikae palepale penye mikeka yetu? Nimezunguka kiwanda kizima nikipima vyumba kwa ile karatasi. Kinachotimiza masharti yote ni kimoja tu: kina baridi, hakina vumbi, hakitikisiki, na kutwa nzima hakuna kazi inayofanyika humo. Ni ofisi yako.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu, hayo mengine nilikuwa napasha mkono moto. Dada Chiu Siok-bi wa mashine za kushona ncha za soksi ana mume aliyepooza, na usiku kucha huamka kumgeuza kitandani. Usingizi wake ulikuwa ule wa mchana, hana mwingine. Chumba kilipofungwa, kesho yake tu alisinzia kazini na mashine ikavuta glavu yake. Glavu ilikwenda, kidole kikasalimika kwa bahati tu. Tangu hapo taa zikizimwa haonekani. Nimemtafuta mpaka nyuma ya maboksi. Akirudi ana alama za waya shavuni, kwa hiyo analala juu ya vyuma mahali fulani. Na anavaa sweta, Bwana Tseng. Sweta, mwezi huu wa Julai! Hiyo ni homa. Nikimuuliza ananiambia niangalie mafuta yangu. Moyo unaniuma, nasema kweli.

Kwa hiyo naomba programu iondolewe na Dada Siok-bi arudishiwe chumba. Ikishindikana, naomba wafanyakazi wote tusajiliwe kuwa programu, ili karatasi ile ituhusu na sisi.

Nisalimie Mama Tseng, mama yako mzazi, mhasibu (nimeshamsamehe), na mbwa wa getini, ambaye yeye angalau ana kivuli chake.

Wako mtiifu, mwenye usingizi,
Yeh Chin-shui

N.B. Hii si ya Meneja, ni yako Dada Siok-bi.

Nilikuwa naipeleka barua ofisini leo mchana nikasikia mtu anakoroma ndani ya chumba cha kompyuta. Nikagonga, ukafungua wewe na sweta lako. Kumbe Liao alikupa ufunguo wiki ileile ya glavu, eti uwe unabadilisha pakiti ya kijani. Nami nikakupa barua uisome, nikingoja shukrani. Ukaisoma umesimama, ukanirudishia.

"Chin-shui, tangu nizaliwe sijalala hivi," ukasema. "Ukiipeleka hii, mimi na wewe hatujuani."

Basi haiendi kokote. Programu ni nzuri na ikae hapohapo. Barua naikunja sasa nizibe nayo ule upenyo chini ya mlango, maana unakoroma, dada, na Meneja hupita hapo akitoka kula. Kesho nitakuletea blanketi letu la nyumbani, lile zito. Bwana Ko asiambiwe.